Siti ya Bernadette

Pikipiki ilimlalia Duane Gunderson kwenye kituo cha mafuta, mbele ya watu saba. Arlys, mkewe, aliwahesabu. Alikuwa ametoka dukani na vikombe viwili vya kahawa, na badala ya kukimbia akasimama akawahesabu watu, maana alijua mumewe angetaka yeye awe wa mwisho kufika.

Haikuanguka kwa kishindo. Ililala tu, taratibu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Duane alikuwa ameisogeza kwenye pampu, akashusha mguu wa kushoto, mguu ukagoma kushika chini. Honda kubwa ya safari, silinda sita, kilo mia nne, ikamvuta ikamlaza kwenye sementi yenye madoa ya mafuta. Akatoka chini yake, akaigeuzia mgongo kama inavyotakiwa, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, akasukuma. Uso ukaiva. Pikipiki haikujali.

"Acha, mzee, utapasuka mshipa bure," akasema Butch Olstad, yule anayeuza mbegu za mahindi. Akaja na vijana wawili wa shamba la maziwa, wakainyanyua mara moja. "Hii siyo ya umri wako tena, Duane. Katafute ile ya magurudumu matatu, kama ya mtoto wa chekechea. Tutakufungia na kengele."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Walicheka kama unavyocheka na babu yako. Duane naye akacheka. Akasema magoti, bwana, haya magoti yamekwisha. Akalipa mafuta, akapanda, Arlys akapanda nyuma, wakarudi nyumbani. Kahawa Arlys aliiacha juu ya pampu.

Baada ya hapo Duane hakusema kitu siku tisa. Siyo kwamba siku nyingine ni msemaji. Ndani ya nyumba yeye ni mtu wa "ndiyo", "hapana", na "umeona miwani yangu". Binti yao, Kristin, akipiga simu Jumapili kutoka Minneapolis, Duane husema "haya, huyu hapa mama yako" na kuikabidhi simu kama inamuunguza. Lakini juu ya pikipiki anageuka mtu mwingine. Helmeti zao zina waya wa kuongelea, na ukishaweka waya ule na maili kumi za lami, Duane anafunguka. Anaongea mahindi ya watu, ghala za watu, ndoa za watu. Mwaka fulani, wakitoka Iowa, alimwambia Arlys jinsi alivyolia baba yake alipofariki, na hajawahi kulisema tena hilo popote wakiwa wamekaa chini. Arlys alikuwa na miaka sitini na sita, na ukimuuliza ndoa yake iko wapi, angekuonyesha ile siti ya nyuma.

Kwa hiyo siku ya kumi, Ijumaa, walipokuwa wanakula samaki wa kukaanga baa kwa Norma kama wanavyokula watu wote wa pale kila Ijumaa, Duane alipofungua mdomo, Arlys aliweka uma chini.

"Nimeona matangazo mawili," akasema. "Ya miguu mitatu."

"Mitatu?"

"Nimesema mitatu. Usinifanye nirudie, Butch yuko pale nyuma."

Arlys akainamia kabichi yake asije akaonekana uso. Alikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ya msichana aliyeombwa kucheza dansi.

*

Ya kwanza ilikuwa ya kijana anaitwa Brody, nyumba ya tatu baada ya kiwanda cha mbao. Jumamosi asubuhi, mbwa wawili, televisheni inalia ndani bila mtu wa kuitazama.

Usifikirie bajaji, wala guta la kubebea matofali. Ni pikipiki ile ile kubwa, usukani ule ule, injini ile ile, ila nyuma wameng'oa gurudumu moja wakaweka ekseli na mawili. Akifanya mtu anayejua, unapata kitu kinachotembea kama gari. Akifanya mtu mwingine, unapata kile kilichokuwa uani kwa Brody.

Duane alitandika boksi, akalala chali, akaingia chini na tochi.

"Nani kachomelea hapa?" akauliza kutoka kule chini.

"Anko wangu."

"Anko wako ana macho?"

Brody akafikiri. "Analo moja."

Arlys akageukia mbwa ili asicheke.

"Fremu imekaa upande," akasema Duane. "Na hii ekseli ni ya gari gani?"

"Ya gari dogo tu. Babu, inatembea vizuri hii. Ukiachia usukani inatingisha kichwa kidogo, ndiyo. Sasa wewe usiachie."

"Nikitaka kujikuna?"

"Jikune kabla."

Duane akatoka chini. Kuinuka kulimchukua muda. Brody akanyoosha mkono, "Lete mkono, babu," na Duane akajifanya hajauona, akashika tairi, akajivuta. Arlys alimwona anavyoinuka: alikuwa anaangalia miguu yake, mmoja kwanza, akauweka, halafu wa pili, akautazama mpaka umekaa. Kama mtu anayepanga vikombe. Magoti, akawaza Arlys. Masikini, magoti.

Wakaendesha pikapu yao mpaka kwenye daraja.

"Analo moja," akasema Duane.

Arlys akaangua kicheko. Duane naye akacheka, mabega yakatikisika. Ilikuwa siku nyingi.

*

Ya pili ilikuwa ng'ambo ya kilima, shambani kwa mzee mmoja wa Kipolandi, Vernon Kubiak. Alikuwa amesimama nje wakati wanaingia, na ilionekana alikuwa amesimama pale muda. Amenyoa ndevu, amejikata kidevuni, amebandika kipande cha karatasi ya chooni na kusahau kukitoa.

"Mmekuja wawili," akasema, kabla ya salamu.

"Wawili," akasema Duane. "Mke wangu, Arlys."

"Karibu, shemeji. Karibuni sana. Kahawa kwanza."

"Tungeiona kwanza kama ipo," akasema Duane.

"Ipo, itaenda wapi? Kahawa kwanza."

Jikoni palikuwa safi ile safi ya mtu asiyepika. Vikombe vitatu vilikuwa tayari mezani, vimefunikwa na kitambaa. Keki ya dukani ilikuwa kwenye sahani nzuri ya maua, na kibandiko cha bei bado kimekaa ubavuni mwa karatasi yake. Arlys akasema keki nzuri. Kubiak akasema hajui, hajawahi kununua keki maishani mwake mpaka Oktoba.

"Oktoba ndiyo alifariki Bernadette," akasema. "Mke wangu. Tulikuwa tunaendesha sana sisi. Mgongo ulipomsumbua nikapeleka pikipiki kwa watu wenye kazi yao, wakaweka magurudumu mawili nyuma, wakamtengenezea na siti. Siti walimpima mwilini. Kama gauni."

Duane alitingisha kichwa kwa heshima. Alikuwa anatazama dirishani, kule kwenye banda.

"Sasa niwaambie," Kubiak akaendelea. "Wamekuja watu wanne kabla yenu. Wote peke yao. Mmoja alitaka kuikata ile siti aweke sanduku la zana. Nikamwambia rudi kwenu. Bei ni dola elfu kumi na moja kwa watu wawili. Mtu akija peke yake ni elfu kumi na sita, na hapo bado nitamwambia imeshauzwa."

"Mbona hukuandika hivyo kwenye tangazo?" akauliza Duane.

"Mwanangu alisema nikiandika watu wataniona nimechanganyikiwa."

"Hujachanganyikiwa," akasema Arlys.

"Asante, shemeji. Kula keki."

Bandani pikipiki ilikuwa imefunikwa na shuka la kitanda, la maua ya zambarau, limepigwa pasi. Bernadette hakupenda turubai, alisema linachubua rangi. Kubiak akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka begani, ndipo wakaiona. Nyekundu iliyokolea, ya miaka kumi na mbili, haina hata mkwaruzo. Duane akazunguka. Akalala chini tena na tochi, na safari hii kule chini kukawa kimya, na Arlys alikijua kimya kile. Mumewe alikuwa amependa.

"Nani alifanya hii?" sauti ikatoka chini.

"Wana macho mawili mawili, hao?" akauliza Arlys.

Kubiak hakuelewa kwa nini yule mzee chini ya pikipiki anacheka mpaka anakohoa.

Kisha Kubiak akampa Duane ufunguo, na hakuuachia mara moja. "Unaendesha ya miguu miwili miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

"Basi una makosa mawili ya miaka arobaini na sita, nisikilize. La kwanza, kwenye kona hailali. Usiisukume kama ulivyozoea. Geuza usukani, kama trekta. La pili ndilo baya. Ukisimama, miguu inabaki juu. Haianguki hii, sasa mguu wa nini chini? Ona, gurudumu liko hapa, nyuma ya kisigino chako. Ukishusha mguu kabla haijatulia, linaupanda. Sote tumefanya. Mimi nilitembea na gongo wiki tatu. Tangu hapo kila tukisimama Bernadette ananipiga kofi la helmeti: 'Miguu, Vernon!'"

"Miguu juu," akasema Duane. "Nimeelewa."

*

Ile siti ilikuwa kochi. Ilikuwa na egemeo refu, na mikono huku na huku, kama kiti cha kinyozi. Arlys akakaa, akanyoosha mikono kumshika Duane kiunoni kama miaka yote, mikono ikaishia hewani. Siti ilikuwa imerudi nyuma sana. Akaipumzisha kwenye maegemeo ya pembeni, hakujua pengine pa kuiweka.

Wakavaa helmeti zao walizokuja nazo, wakatoka. Kona ya kwanza, mwili wa Arlys ukalala wenyewe upande wa kushoto, kama ulivyolala kwenye kila kona kwa miaka thelathini na moja, kifua chake kikifuata mgongo wa mumewe. Pikipiki haikulala. Ilipita wima kama kabati, na yeye peke yake ndiye aliyeinama, akajiona mjinga, akajinyoosha.

Halafu waya ukakoroma.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Siti vipi?"

"Kama kwa daktari wa meno. Nasubiri aniambie nifungue mdomo."

Duane akacheka ndani ya masikio yake, karibu kabisa. Arlys akafumba macho. Kochi, kabati, haidhuru. Sauti ilikuwa ile ile.

"Inavuta hii, mama. Unaisikia inavyovuta? Hebu ona, Lindvig kabomoa ghala."

"Lile lake au la baba yake?"

"La baba yake. Lile jekundu. Baba yake angemfufukia. Unajua yule mzee alimwambia mke wake asifie ghala lile kila Jumapili baada ya kanisa?"

"Muongo wewe."

"Haki ya Mungu. Wanasimama wote wawili, mama wa watu na kofia yake, anasema, 'Ghala zuri, Elmer.' Ndiyo wanaenda kula."

Akaendelea. Akaongea mahindi, akaongea Butch Olstad na mbegu zake ambazo nusu hazioti, akasema wakiinunua wataenda kwa Kristin, wataingia Minneapolis nayo mchana kweupe wamuaibishe mbele ya majirani. Arlys akajibu, akacheka, akachomekea. Maili tatu tu mpaka njia panda, na ndani ya maili tatu zile walizungumza kuliko walivyozungumza tangu theluji ya kwanza.

Kwenye njia panda palikuwa na alama ya kusimama. Duane akapunguza, akakamata breki, na pikipiki ikiwa bado inateleza nusu hatua ya mwisho, mguu wake wa kushoto ukashuka. Ulishuka wenyewe, kwa mazoea. Arlys alikuwa anatazama chini upande ule. Aliona gurudumu la nyuma likigusa kisigino cha buti, likaligeuza lile buti, likalipanda, likasimama juu yake.

Akasubiri ukelele. Akayashika maegemeo ya pembeni kuupokea.

"...sasa yeye Elmer," Duane alikuwa anasema, "siku moja mke akachoka. Akasimama pale, akamwambia, 'Elmer, ghala ni ghala tu.' Jumapili ile hakuna aliyekula."

Akacheka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta magari.

"Duane."

"Naam."

"Mguu wako."

"Umefanya nini?"

Arlys akanyoosha kidole kwenye tairi. Duane akageuza helmeti, akatazama chini. Akautazama ule mguu uliobanwa chini ya tairi kama unavyotazama kitu mtu kakiacha barabarani. Alitazama muda mrefu. Kisha akabonyeza gia ya rivasi, mota ikalia kidogo, gurudumu likateremka. Akainama, akaushika mguu kwa mkono chini ya goti, akaurudisha juu ya kikanyagio.

Akazima injini. Hakuna gari lililopita.

"Tangu lini?" akauliza Arlys. Waya ulikuwa bado unafanya kazi, kwa hiyo hakuhitaji kupaza sauti.

"Krismasi."

"Krismasi hii?"

Duane akarekebisha kioo cha pembeni.

"Krismasi ipi, Duane?"

"Ile nyingine."

"Ni magoti au siyo magoti?"

"Siyo magoti. Ni sukari. Wa kushoto hamna kitu kuanzia hapa kwenye ugoko. Wa kulia nusu."

"Daktari anajua?"

"Anajua. Alisema nirudi tuongee habari za kuendesha." Akakohoa. "Sikurudi."

Arlys akahesabu kichwani, na hesabu ilimjia polepole na ubaridi wake. Krismasi ile nyingine. Halafu masika. Halafu kiangazi kizima, mpaka Oktoba; Iowa mara mbili, milima ya kando ya mto, barabara zile za majabali ambapo alimwekea kidevu begani akasinzia.

"Kiangazi chote nilikuwa nyuma yako," akasema.

"Ndiyo."

"Na gia ulikuwa unabadilishaje?"

"Nasikiliza injini. Breki naangalia mguu kama umefika."

"Unaangalia mguu. Nikiwa nyuma yako nimelala."

"Hatukuanguka, Arlys."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia usingepanda."

"Ndiyo nisingepanda!"

"Basi," akasema Duane. Na baadaye kidogo, kwa sauti ndogo ambayo ndani ya nyumba hajawahi kuitoa: "Sasa mimi ningekuwa naongea na nani?"

Arlys akatazama kisogo cha helmeti. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kuufikia mgongo ule auegemee, na siti ya Bernadette ilikuwa imekaa mbali mno kwa vyote viwili.

"Usimwambie Kubiak," akasema Duane.

"Vua buti niuone mguu."

"Nyumbani."

"Duane, vua buti."

"Nimesema nyumbani." Akawasha injini.

Waya ukakoroma maili zote tatu za kurudi. Hakuna aliyeutumia.

*

Kubiak alikuwa bado bandani na shuka lake begani. Akauona mstari mweusi wa tairi kwenye buti kabla Duane hajashuka.

"Eee, tayari!" akasema. "Sikukuambia? Pole, ndugu yangu. Umeumia?"

"Hata kidogo," akasema Duane.

"Una bahati wewe. Mimi nilipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia."

Duane akashuka. Akautazama mguu wa kushoto mpaka ukakaa, kisha wa kulia. Sasa Arlys aliona, na hakuelewa alikuwa wapi siku zote hizo asione. Mumewe alikuwa anachechemea pia, na mwenyewe hajui.

"Shemeji, siti imekukaa?" Kubiak akamgeukia. Macho yake yalikuwa na hamu ya mtoto aliyekuonyesha mchoro wake.

Hapo ndipo palipokuwa na maneno ya kusemwa. Arlys aliyaona yote, mafupi, yanatosha pumzi moja. Huyu hajisikii miguu. Kubiak angelifunika lile dude tena kwa shuka la maua, wangerudi nyumbani, na Duane angekaa kwenye kiti chake mbele ya televisheni, na asingeuliza tena hata miwani iko wapi. Duane hakumtazama. Alikuwa anafuta vumbi kwenye tangi kwa kiganja, vumbi ambalo halikuwepo.

"Imenikaa," akasema Arlys.

"Nilijua! Mmekaa vizuri nyie, nimewaona mnatoka. Nikasema hao ndio."

Karatasi wakaandika jikoni. Duane akatoa hundi. Kubiak akaikunja bila kuisoma, akaiweka chini ya kopo la sukari, akaanza kufunga keki iliyobaki kwenye foili ili waende nayo. Alifunga vibaya, akafungua, akafunga tena.

"Sasa fanyeni hivi," akasema. "Nyie pandeni wote, nendeni zenu. Msiiendeshe mara ya kwanza na siti tupu. Mimi nitawafuata na pikapu yenu, mwanangu atanichukua kwenu kesho. Sina kazi kesho. Sina kazi hata leo."

"Hapana, Vernon," akasema Arlys.

"Siyo taabu, shemeji."

"Pikapu nitaendesha mimi."

"Lakini siku ya kwanza hii..."

"Nitaendesha mimi."

Ilitoka kali kuliko alivyotaka. Kubiak akamtazama yeye, akamtazama Duane, akatazama buti lenye mstari mweusi. Akalitazama lile buti kitambo. Alikuwa mtu wa shamba, amefuga wanyama maisha yake yote, anajua kiumbe kinachokanyaga bila kujisikia kinavyosimama. Mdomo wake ukafunguka. Halafu akasema, "Haya," akampa Arlys keki, akamfungulia mlango wa pikapu, na alipoufunga aliufunga polepole, mikono miwili, kama mlango wa chumba chenye mgonjwa.

*

Miaka thelathini na moja Arlys hakuwahi kumwona mumewe akiendesha. Alijua joto la mgongo wake, alijua harufu ya koti likilowa, ila umbo lake barabarani alikuwa hajawahi kuliona. Na hata sasa hakuliona lote. Egemeo la siti tupu lilimfunika mpaka mabegani. Alichokiona ni siti, nyekundu, imesimama wima, na kitu cha mviringo juu yake ambacho ndicho mumewe.

Kituo cha kwanza cha kusimama, taa ya breki ikawaka. Mguu wa kushoto ukaanza kushuka. Arlys akapiga honi.

Mguu ukarudi juu. Duane hakugeuka.

Kituo cha pili, mguu ukashuka tena. Honi. Ukarudi.

Cha tatu palikuwa na mwanamke anayengoja kuvuka na kigari cha mtoto. Arlys akapiga honi, mwanamke akamtolea macho kwamba haraka ya nini, na Arlys akanyanyua mkono kuomba radhi. Mguu ulikuwa umerudi juu. Redio ya pikapu ilikuwa inasoma bei za maziwa. Akaizima. Akajikuta anatega sikio, na kulikuwa na mlio wa matairi tu.

Bondeni, pale barabara inaponyooka kando ya kijito, wakatokea waendesha pikipiki upande wa pili. Tisa, mstari mmoja, taa zinawaka mchana. Safari ya kwanza ya mwaka, bila shaka. Watu wa kule wakiona siku mbili za jua mfululizo Aprili hawakai ndani. Wakikutana barabarani watu hawa husalimiana. Hawapungi mkono juu, wanashusha wa kushoto, vidole viwili vimeelekea kwenye lami. Hawaulizani jina. Unampa salamu kila aliye juu ya pikipiki, na yeye anakupa yako. Kwa akina Gunderson kazi hiyo ilikuwa ya anayekaa nyuma. Duane hakupenda kutoa mkono kwenye usukani. Tangu mwaka wa kwanza alisema, wewe salimia, mimi niendeshe. Arlys amesalimia majimbo saba.

Wa kwanza akashusha mkono. Mikono ya Duane ikabaki kwenye usukani. Wa pili akashusha, na alipopita akageuza kichwa kuangalia ni mtu gani huyu asiyeitikia.

Arlys alikuwa ameshafungua dirisha. Upepo ulikuwa baridi, ukampiga jichoni. Akautoa mkono, akaushusha chini karibu na mlango, vidole viwili vikielekea barabarani. Wakampita mmoja mmoja, nyuso mbele. Hakuna anayetazama pikapu.

Wa tisa alipokwisha kupita akaurudisha mkono ndani. Mbele taa ya breki ilikuwa imewaka, na kidole gumba chake kikaanza kuitafuta honi.